Karatasi Mbili Kwenye Msumari Mmoja

Hosteli ya wasichana, Moshi
12 Januari 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukubwa wa bahasha, usije ukadhani nimekutumia vyeti kabla ya wakati. Ndani mna karatasi mbili za herufi, fomu moja ya majibu na kamba. Kamba usimpe jirani yetu dada Hamisa akaanikie nguo, ina kazi yake.

Najua Jumapili tunaongea, lakini kitochi chako hakipokei picha, na wewe ukishasema "mie mzima, soma" unakata. Kwenye barua angalau unakaa kitako. Basi kaa, nikueleze.

Huu ni mwaka wangu wa mwisho na lazima niandike utafiti. Nimechagua kuwauliza wenzangu tunaosomea upimaji wa macho wanajua nini, na wanaonaje, kuhusu kumhudumia mgonjwa akiwa mbali: yeye yuko kwao, mpimaji yuko mkoa mwingine, na katikati yao ipo simu, kompyuta, au karatasi tu. Nimegawa madodoso hamsini. Karibu wote wamelisikia jambo hili, waliowahi kuliona likifanyika hawafiki kumi. Brightson, yule kijana wa Rombo niliyekusimulia, ameandika kwamba mgonjwa hukudanganya hata mkikaa goti kwa goti, sembuse akiwa mbali. Nimemwambia ana roho ya kizee. Mie naamini, baba. Wapimaji ni wachache na watu ni wengi. Tusipowafikia hivi, tutawafikiaje?

Kwa hiyo nimekuteua uwe mgonjwa wangu wa kwanza wa mbali. Hongera.

Lakini si mzaha mtupu. Bibi Tabu alikufa haoni, na sote tulisema ni uzee. Darasani nimejifunza kwamba upofu wa mzee si lazima uwe uzee. Ipo presha ya macho. Haiumi, inatembea kwenye damu ya familia, na kinachopotea kwa ugonjwa huo hakirudi, hata ukipelekwa nchi gani. Kinachowezekana ni kukilinda kilichobaki. Tangu nilipoujua ugonjwa huu nakuwaza wewe kila somo.

Fanya hivi. Karatasi A ni ya jicho la kulia, karatasi B ni ya jicho la kushoto. Herufi zake ni tofauti kwa makusudi. Tundika A ukutani, pima kwa kamba (ina mita tatu), funika jicho la kushoto kwa kiganja bila kulibonyeza, soma, kisha andika herufi ulizoziona kwenye fomu. Halafu itoe A, weka B, funika la kulia, soma tena. Basi. Karatasi haioni kila kitu, lakini ukikwama hata mstari mmoja nitaomba ruhusa nije nikupeleke hospitali mwenyewe.

Nakupenda. Moshi kuna baridi na wenzangu wa chumbani wote wamehamia mtaani. Nimebaki na vitanda vitatu vitupu.

Mwanao,
Raudha

*

Kurasini
25 Januari 2025

Mwanangu Raudha,

Marahaba. Bahasha yako ilifikia ofisini, karani mwenzangu Badru akaipapasa akauliza kama binti yangu ametuma picha za mchumba. Nikamwambia ni kamba. Akaipapasa tena, hajui kama namtania.

Nimejipima Jumamosi alasiri, mwanga ulikuwa mzuri. Ukutani nina msumari mmoja tu, ule wa kalenda, na wewe unajua ukuta wetu ukipigilia wa pili plasta yote inakuja. Basi nimezitundika zote mbili hapo hapo na kazi ikaisha. Fomu naiambatisha. Mistari saba jicho la kulia, mistari saba la kushoto, mpaka wale sisimizi wako wa chini. Sasa mwambie huyo kijana wa Rombo kwamba baba yako ni karani wa makontena. Miaka thelathini na moja nasoma namba juani na mvuani, karatasi ya chuo haiwezi kunichezea.

Unakumbuka ulipokuwa darasa la tano nilikuwa nakuleta yadi siku za likizo? Nilikufundisha namba ya kontena: herufi nne, tarakimu sita, kisha ile moja ya mwisho, mlinzi. Ukizipigia hesabu zile za mbele, jibu lazima liwe huyo mlinzi. Ukikosea kusoma moja tu, mlinzi anakataa. Ulikuwa unazipiga haraka kuliko makarani wangu wawili. Nilijua toka hapo kwamba huyu atakuwa mtu wa vipimo.

Kwa hiyo usije. Ulisimamisha masomo mwaka mzima kumuuguza mama yako, Mungu amrehemu Farida, na mimi sikukuzuia kwa sababu sikuwa na nguvu ya kubaki naye peke yangu. Wenzako mlioanza pamoja sasa wanaitwa madaktari wa macho huko makwao. Mwaka mwingine hautapotea, na hasa hautapotea kwa ajili yangu. Hilo nimeliamua, tusilijadili.

Nyumbani kuzuri. Nimehamishia redio chumbani kwako ili nako kuwe na mtu anaongea.

Baba yako,
Marijani Shomari

*

Moshi
16 Februari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Ulipaswa uwe hapa Alhamisi! Dakta Tekla, mwalimu anayenisimamia, alitupa kila mmoja dakika kumi aeleze utafiti wake. Nikasimama na fomu yako mkononi. Nikasema: mgonjwa, mwanaume, miaka hamsini na tisa, Dar es Salaam, mama yake alipofuka, amepimwa kutoka umbali wa kilomita zaidi ya mia tano kwa karatasi na kamba, macho yote mawili, mistari saba. Darasa likapiga makofi. Dakta Tekla akasema huo ni mwanzo mzuri. Gladness kutoka Singida, ambaye kwenye dodoso langu aliandika haamini, akaniomba karatasi kama zile ampelekee shangazi yake.

Brightson hakupiga makofi. Alisema tu, "Nani alikuwepo alipokuwa anajipima?" Nikamjibu kwamba alikuwepo baba yangu, na baba yangu namjua. Watu wakacheka, naye akakaa. Nilijisikia mshindi, nakiri.

Sasa jambo moja. Likizo fupi itaangukia mwisho wa Ramadhani. Nilipanga kuja tule Idd pamoja, lakini kwa kuwa wewe ni mzima namna hii, nimeona nibaki nimalize kukusanya madodoso na kuanza kuandika. Ukisema nije, nitakuja. Neno moja tu, baba.

Chumba bado kina vitanda vitatu vitupu. Usiku huwa nasoma kwa sauti ili nisikie mtu.

Mwanao,
Raudha

*

Kurasini
9 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Baki uandike. Idd zitakuja nyingine.

Habari za hapa ni chache. Wamenipumzisha kwenye makontena, sasa niko getini. Kazi nyepesi, kivuli kipo, kiti kipo. Malori yakija nafungua, yakitoka nafunga, dereva anasema "Shikamoo mzee" na mimi namwambia marahaba. Siku inapita hivyo. Watu wa umri wangu wanaiombea kazi kama hiyo.

Futari ananiletea Hamisa, uji na mihogo ya nazi. Jana nilimimina uji pembeni ya kikombe, mkeka ukalowa wote, nikacheka mwenyewe mpaka nikakumbuka kuwa hakuna aliyeniona. Mama yako angenitania wiki nzima. Wakati wa kufuturu ndipo nyumba inakuwa kubwa. Vyumba vyetu ni viwili tu na sebule, sijui ukubwa unatoka wapi.

Umesema darasa limepiga makofi. Nimeisoma sehemu hiyo mara tatu. Kuna mahali nilitaka kukuandikia jambo, nikaona si la barua. Tutaongea ukimaliza.

Soma.

Baba yako,
Marijani

*

Kurasini
3 Aprili 2025

Kwako mdogo wangu Raudha,

Ni mie dada Hamisa wa chumba cha mbele. Usishtuke kuona barua yangu, sijawahi kukuandikia na mwandiko wangu ndiyo huu, kama kuku kapita. Mzee yuko hai. Nimeanza na hilo ili upumue.

Siku ya Idd alitoka kuswali, kavaa kanzu yake nyeupe, kapendeza kweli. Akawa anavuka ile njia ya malori kuja huku kwetu. Bodaboda ikaja kutoka kulia kwake. Ilipiga honi, mtaa mzima tumesikia, hata mie niliyekuwa jikoni. Mzee akageuza shingo kama mtu anayetafuta nani kamwita, na pikipiki ishamfikia. Mkono umeteguka, goti limechubuka, kanzu imeharibika. Tumshukuru Mungu haikuwa lori, maana hapa kwetu unajua yanavyopitaga.

Kijana wa boda analia, anasema, "Mzee aliniangalia kabisa!" Na kweli alimwangalia. Ila hakumwona.

Sista, ishu ni jicho la kulia. Halioni. Na si la jana. Mie nilianza kushtukia kabla ya mfungo wa mwaka juzi, mama yako bado mgonjwa. Ukimpa kitu kwa upande huo hapokei. Chai anamimina nje ya kikombe. Kule yadi walimtoa kwa sababu aliandika namba si zenyewe, kontena likapelekwa kwa mtu mwingine, ikawa kesi. Sasa wamemweka afungue geti. Yeye anasema kapumzishwa.

Na ile siku ya karatasi zako nilikuwepo, nilikuwa nachambua mchele pale mlangoni. Zilikuwa zimetundikwa mbili pamoja, iliyo juu imeifunika ya chini. Alifunika kwanza jicho la kulia, akasoma yote vizuri, akaandika. Halafu akafunika la kushoto, akasimama tu. Kisha akazitaja zile zile kama mtoto anayesoma dua, akaandika. Mie nikadhani ndivyo mnavyofanyaga huko chuoni. Ningejua ningekwambia, haki ya Mungu.

Kaniapisha. Kasema, "Hamisa, ukimpigia Raudha simu, mimi na wewe basi." Nikaapa sipigi simu. Barua hakuitaja, kwa hiyo kiapo changu kiko palepale.

Njoo, mdogo wangu. Siku hizi anakaa kwenye kitanda chako anasikiliza redio, taa kazima.

Dada yako,
Hamisa

*

Moshi
8 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu ndivyo ulivyonilea, lakini nimekukasirikia.

Usimgombeze Hamisa. Hajapiga simu.

Nilipomaliza barua yake nilikwenda kwenye faili nikatoa fomu yako. Nimekaa nayo miezi miwili na nusu, baba. Nimeishika mbele ya darasa. Mstari wa mwisho wa karatasi A ni N, D, Z, K, O. Wa karatasi B ni V, R, H, C, S. Wewe kwa jicho la kulia umeandika V, R, H, C, S. Kwa jicho la kushoto umeandika V, R, H, C, S. Kuanzia juu mpaka chini, kwa macho yote mawili, umeandika herufi za karatasi B. Karatasi A hukuifunua kabisa.

Mtoto wa mwaka wa kwanza angeliona kosa hilo kwa dakika moja. Mimi nilihesabu mistari, nikaona saba na saba, nikafurahi. Sikulinganisha herufi hata moja, kwa sababu nilitaka uwe mzima. Na nilitaka Brightson akose. Hasira nyingine nimejiwekea mwenyewe, usifikiri yote ni yako.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Dakta Tekla nikamwambia. Kisha nimesimama darasani nikawaambia wote kwamba mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa haoni jicho moja na mimi nilimpa cheti cha uzima. Hakuna aliyecheka. Gladness amesema hatampelekea tena shangazi yake zile karatasi. Brightson alinifuata nje, nikajua amekuja kunisimanga. Akaniuliza nina nauli.

Kwa nini, baba? Nilikwambia ukikwama mstari mmoja nitakuja. Sasa nimeelewa kwamba hicho ndicho kilichokutisha. Mwaka mmoja wa shule unaweza kurudiwa. Hilo jicho nilikwambia kwenye barua ya kwanza kabisa kwamba halirudi. Uliisoma. Ulijua, ukaenda kukariri.

Nakuja Ijumaa kwa basi la asubuhi. Jumatatu tunakwenda hospitali. Usinikatalie, na usiniambie wewe ni mzima, sitaki kulisikia tena neno hilo kutoka kwako.

Nimelia sana. Nakupenda sana. Nimekasirika sana.

Raudha

*

Kurasini
4 Mei 2025

Mwanangu Raudha,

Marahaba. Mkono umepona kiasi, mwandiko utauvumilia. Ulipokuwa hapa zile siku tisa sikusema lolote la maana, nawe hukunilazimisha. Ulinishika mkono kwenye foleni ya hospitali kama nilivyokuwa nakushika ukienda kuchanjwa. Nimerudi nyumbani nikaona afadhali niandike.

Daktari alisema mbele yetu sote: la kulia limekwisha, la kushoto limeliwa pembeni lakini katikati bado pazima, na matone yasikose hata jioni moja. Hamisa ananidondoshea. Mimi mwenyewe nilikuwa nayamwaga shavuni.

Nilianza kujua siku moja nikiandika namba ya kontena, mama yako yuko wodini. Nilifikicha jicho la kushoto kwa sababu ya vumbi, na kontena zima likapotea. Nikasimama pale yadi, jicho moja limefunikwa, naangalia mahali ambapo najua kuna chuma cha futi arobaini na hakuna kitu. Nikaliachia la kushoto, kontena likarudi. Sikumwambia mtu. Mama yako alikuwa anakufa, wewe umeacha shule, ningeongeza nini?

Baadaye ikawa aibu. Kisha ikawa mazoea. Karatasi zako zilipokuja nilikuwa na nia nzuri, wallahi. Nilizitundika pamoja kwa uvivu tu, B ikawa juu, nikaanza na jicho zima ili nijipe moyo. Nilipofunika la kushoto, ukuta wote ukazimika. Lakini mimi nikisoma namba mara moja inakaa, ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Herufi zilikuwa zimeshaingia. Zikatoka zenyewe mdomoni, na mkono ukaandika. Nilipoiangalia ile fomu nikaona mtu mwenye macho mawili. Nikampenda yule mtu, nikamtia kwenye bahasha.

Naomba radhi. Si kwa jicho, jicho ni langu. Ni kwa yale makofi.

Nimefanya ulivyoniagiza. Kila nikikuandikia nisimame penye mstari wa njano getini, nifunike la kulia, niandike namba ya kontena la kwanza linaloingia, bila kuuliza mtu, nawe uipigie hesabu. Hii hapa ya leo: TMKU 604871, mlinzi 7.

Redio nimeirudisha sebuleni. Chumbani kwako bado kuna harufu ya mafuta yako ya nywele, sitaki kuichanganya na taarabu.

Baba yako,
Marijani

*

Moshi
1 Juni 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Mlinzi amekubali. Nimepiga hesabu mara mbili kwa kalamu na mara ya tatu kwa kichwa kama ulivyonifundisha. Jibu ni saba. Nilicheka peke yangu maktaba, wakanitazama.

Najua unaweza kunidanganya na hapa pia. Wewe ukiona tarakimu tano tu kati ya sita unaweza kuitafuta iliyobaki kwa hesabu, mlinzi akiwa unamjua. Nimelifikiria hilo nikiwa kitandani nikaona sina la kufanya. Ama nakuamini, ama naacha chuo nije kukaa getini nawe.

Utafiti nimeumaliza. Wenzangu wengi wanaamini huduma ya mbali itafaa, lakini ukiwauliza wamefundishwa nini juu yake wanasema hakuna, wamesikia tu. Wanaogopa mtandao kukatika, wanaogopa vifaa, wanaogopa sheria. Hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba anaogopa mgonjwa anayempenda. Mimi mwenyewe sikuwa nimeliweka swali hilo. Kwenye ukurasa wa mwisho nimeandika kwamba bado naamini mtu anaweza kupimwa akiwa mbali, ila upande wake awepo mtu wa kusimama naye, na upande wa huku awepo mtu wa kusoma herufi, asihesabu mistari tu. Dakta Tekla aliuliza nimeitoa wapi hoja hiyo. Nikamwambia Kurasini.

Mitihani inaanza tarehe 23 Juni na kumalizika Julai 4. Nikishafanya hiyo basi, shule imekwisha. Nakuja na mabegi yote, nitatafuta kazi hapo hapo Temeke, na utanichoka.

Kwa sasa mtu pekee ninayeongea naye ni wewe kwenye karatasi. Brightson huleta chapati wakati mwingine, anakaa mlangoni, hana maneno mengi. Vitanda vitatu bado vitupu.

Niandikie, baba. Na namba.

Mwanao,
Raudha

*

Kurasini
15 Juni 2025

Mwanangu Raudha,

Marahaba.

Namba ya leo ni TMKU 313206, mlinzi 5.

Usihangaike, nimeshaipiga. Hesabu inataka nne. Mimi nimeona tano, na tano ni tano, iko peke yake na imekolezwa rangi. Kwa hiyo kuna moja katika zile sita ambayo si yenyewe. Nadhani ni ile tatu ya pili. Ukiweka nane mahali pake, mlinzi anakubali. Ilikuwa nane, Raudha. Kubwa kama kiganja, kwenye kontena jekundu, saa tatu asubuhi, jua kali. Na mimi niliona tatu.

Nilikaa kwenye kiti changu getini na kalamu mkononi nikaitazama hiyo karatasi. Ningeweza kuandika nane. Usingejua kamwe. Lori lilishaingia, kontena limeshapangwa, hakuna shahidi. Mkono ulikwenda wenyewe kurekebisha, kama siku ile ya msumari. Nikauzuia. Nimekuandikia nilichokiona.

Si leo tu. Ni kama siku kumi sasa, katikati kuna ukungu. Matone sijaacha, muulize Hamisa, naye safari hii hajaapishwa chochote. Nilimwambia yeye kwanza, kabla yako, nikaona kumbe mtu anaweza kusema na asife. Kesho asubuhi tunakwenda naye kliniki, hatusubiri ile tarehe ya Julai aliyonipangia daktari. Barua hii naiposti tukiwa njiani. Ningekupigia, lakini kwenye simu mdomo wangu unatangulia kusema mzima kabla sijauwahi, na wewe umenikataza neno hilo.

Usiku nimeanza kujizoeza. Nafumba macho natembea toka kitandani hadi mlangoni, toka mlangoni hadi kwenye mtungi. Mama yangu alikuwa anafanya hivyo, nikamwona, nikadhani anasali.

Hapa juu utaona mstari nimeukata kwa kalamu. Nilikuwa nimeandika kwamba usije, ufanye mitihani yako kwanza, baba yupo. Nimeandika hivyo mara nyingi mno katika maisha yako. Nimeukata. Mitihani ni yako na uamuzi ni wako, sitakukasirikia kwa lolote utakalofanya. Lakini kuhusu mimi, ukweli ni huu, nao nimeusoma kwa jicho nililobaki nalo bila kukariri: naogopa, mwanangu, na humu ndani hamna mtu.

Baba yako,
Marijani Shomari